Chombo Kikubwa na Chombo Kidogo: Tanga Kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa

Mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, hauna bandari wala gati, na mtu aliyezaliwa huko anaweza kufikia utu uzima bila kuona tanga likipandishwa. Hata hivyo, historia ya nchi iliyouzunguka katika karne ya 19 haisimuliki bila kutaja vyombo vya tanga, kwa kuwa nchi ya Ungoni ilikaa katikati ya maji mawili yaliyoamua biashara yake. Upande wa magharibi liko Ziwa Nyasa, ambalo katika Mbamba Bay haliko mbali na Songea zaidi ya kilomita 120 kwa mstari ulionyooka. Upande wa mashariki iko Bahari ya Hindi, na Kilwa Kivinje, bandari iliyopokea misafara ya kusini, iko umbali wa zaidi ya kilomita 450. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi mwaka 1897, na mji ukaja kuchukua jina la Songea Mbano, nduna, yaani kiongozi wa vita wa Wangoni, ambaye wao wenyewe walimnyonga mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji, walikuwa wakijenga juu ya njia ambayo tayari ilikuwa imekanyagwa kwa miongo kadhaa na wapagazi wa pembe za ndovu, mateka waliofungwa kongwa, na wafanyabiashara wa pwani waliopanda na nguo, shanga, baruti na bunduki.

Wanahistoria wa njia hiyo wameandika mengi kuhusu safari ya nchi kavu na machache kuhusu vyombo vilivyokuwa kwenye ncha zake mbili, ilhali ni vyombo hivyo vilivyoamua ni mizigo gani ingefika, kwa wakati gani na kwa hatari kiasi gani. Katika ncha zote mbili, mwenye mali alikabiliwa na uamuzi uleule, yaani kutumia chombo kikubwa kinachobeba mengi kwa safari moja au chombo kidogo kinachobeba machache lakini kinachokwenda upesi, kinachojificha na kinachohudumiwa na watu wachache. Mwenendo wa karne nzima unaonyesha kwamba uamuzi huo haukufuata ukubwa wa mfuko wa mwenye mali kadiri inavyodhaniwa, bali ulifuata kile ambacho ufuko wenyewe ungeweza kukihimili, kuanzia miti na mafundi hadi mikono ya kuvuta kamba na mahali pa kujificha.

Kwa upande wa pwani, chombo kikubwa cha kawaida kilikuwa jahazi, chombo cha mbao chenye tezi bapa, yaani sehemu ya nyuma iliyokatwa wima, na mlingoti mmoja mkubwa ulioinamia mbele kuelekea omo, wakati mwingine ukifuatwa na mwingine mdogo. Mashua hufanana nalo kwa umbo lakini ni ndogo, na mara nyingi haina sitaha. Vyombo vyote viwili hutumia tanga lenye umbo linalokaribia pembetatu, lililofungwa kwenye foromali, ambayo ni boriti ndefu inayoning'inia mshazari juu ya mlingoti. Foromali hupandishwa kwa kamba nene iitwayo henza, na pembe ya nyuma ya tanga huvutwa au kulegezwa kwa kamba iitwayo demani. Ili chombo kisipinduke kinapokuwa kitupu, tumboni hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga wa kukipa uzito.

Tofauti ya ukubwa si jambo la kipimo tu, kwa maana chombo kikikuzwa maradufu kwa urefu, upana na kina, eneo la tanga lake huongezeka mara nne, lakini uzito wake huongezeka mara nane, na kwa hiyo chombo kikubwa huwa na nguvu ndogo ya tanga kwa kila tani ya uzito wake. Upepo ukiwa mwembamba, mashua nyepesi huanza kusogea wakati jahazi bado limelala. Upepo ukikaza, mambo hugeuka: William Froude, mhandisi Mwingereza aliyefanya majaribio ya mifano ya meli huko Torquay katika miaka ya 1870, alionyesha jinsi mawimbi yanayozalishwa na chombo chenyewe yanavyokizuia, na kanuni iliyotokana na kazi ya aina hiyo husema kwamba mwendo wa juu wa chombo cha kawaida hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha urefu wake majini. Chombo chenye mita 6 majini hukwama karibu na maili 6 za baharini kwa saa, na chenye mita 12 hufika maili 8 na zaidi kidogo. Manahodha wa Kilwa hawakuhitaji hesabu hiyo ili kujua kwamba kwenye kusi kali jahazi refu haliwezi kufikiwa na mashua, na kwamba asubuhi ya upepo wa umande, upepo mwanana unaotoka nchi kavu, mashua itakuwa imeshaondoka.

Kuna tofauti nyingine ambayo haionekani mpaka chombo kigeuze upande. Tanga la aina hii haligeuki kwa urahisi omo ikipitishwa kwenye upepo. Kwa kawaida mshika usukani hukielekeza chombo mpaka upepo uje tezini, demani hulegezwa, foromali husimamishwa karibu wima na kupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na tanga zima huzungushwa nayo kabla ya demani kukazwa tena. Katika mashua, kazi hiyo hufanywa na watu wawili au watatu kwa muda mfupi. Katika jahazi, foromali huweza kuwa ndefu kuliko chombo chenyewe, na kosa la mtu mmoja kwenye upepo mkali huweza kuvunja mlingoti au kumtupa mtu baharini. Ndiyo maana kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kukata pande zamu kwa zamu, kulikuwa adhabu kwa jahazi lenye shehena, na manahodha waliona afadhali kungoja majira: kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi unaoshuka kutoka Bara Arabu na India, na kusi, upepo unaotawala katikati ya mwaka na kuvisukuma vyombo kurudi kaskazini. Mashua iliweza kubisha ndani ya miamba na mikoko mwaka mzima, na kwa hiyo haikutawaliwa sana na kalenda hiyo.

Kwenye ziwa, habari huanza kwa chombo kisichokuwa na tanga kabisa. Wakazi wa ufuko wa mashariki, kuanzia Manda kwenye mlango wa Mto Ruhuhu, kupitia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, walitumia mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja, ambao mdomo wake uliachwa mwembamba kuliko tumbo lake ili wimbi lisiingie kwa wepesi, na ambao uliendeshwa kwa kafi. Wangoni wa Zwangendaba walikuwa wamevuka Zambezi mwaka 1835 na kupanda hadi Ufipa, ambako kiongozi wao alifariki karibu na mwaka 1848; baadaye makundi yaliyoongozwa na Zulu Gama na wengine yalirudi kusini na kujenga mashariki ya ziwa falme mbili zilizokuja kuitwa Njelu na Mshope. Jeshi lao lilikuwa la nchi kavu. Wakazi wa ufuko walipovamiwa walikimbilia visiwani, kwenye majabali yaliyochomoza majini na kwenye vibanda vilivyojengwa juu ya nguzo, na gogo lililochongwa likawa ukuta ambao mkuki na ngao ya ngozi havikuweza kuuvuka. Mbio za kwanza za majini ambazo historia ya Ruvuma inaweza kuzitaja zilikuwa, basi, mbio za kuokoa roho, na mshindi alikuwa chombo kidogo kuliko vyote.

Tanga lilifika ziwani pamoja na watu wa pwani. Katika Nkhotakota, kwenye ufuko wa magharibi ambao leo uko Malawi, Salim bin Abdallah alijijengea utawala karibu na miaka ya 1840, na watawala waliomfuata wakaitwa Jumbe mmoja baada ya mwingine. Nguvu yao ilitokana na kivuko: pembe na mateka kutoka magharibi walipakiwa kwenye majahazi, wakavushwa hadi Losewa na sehemu nyingine za ufuko wa mashariki, kisha wakaanza safari ya miguu kuelekea Kilwa. Misafara mingi ya Losewa ilipita kusini zaidi, katika nchi ya Wayao, ilhali nyingine ilipita Ungoni, ambako wafanyabiashara wa pwani kama Rashid bin Masoud, aliyeweka makao yake Kikole karibu na Songea ya leo, walinunua mateka wa vita na pembe kutoka kwa manduna. David Livingstone, akimtegemea balozi mdogo wa Uingereza huko Unguja, Kanali Rigby, aliandika kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi ya Nyasa pekee walipita kila mwaka kwenye forodha ya Unguja.

Livingstone huyohuyo ndiye aliyeacha, bila kukusudia, ulinganisho bora zaidi wa vyombo vya ziwa hilo. Safari yake ya mwaka 1861 aliifanya kwa mashua nyepesi ya makasia manne, ambayo watu waliibeba kwa takriban kilomita 64 kando ya maporomoko ya Mto Shire, kisha ikaingizwa ziwani mwanzoni mwa Septemba na kuambaa ufuko wa magharibi. Mashua hiyo ilifika mahali ambapo hakuna chombo cha Kizungu kilichokuwa kimefika, na ilifika kwa sababu ilibebeka. Lakini ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, lenye kina kinachofikia mita 700 na linalokabiliwa na upepo mkali wa kusini mashariki unaoitwa mwera, halikuihurumia, na siku moja waliokuwamo walilazimika kutia nanga mbali na ufuko na kukaa kwa saa kadhaa wakiyatazama mawimbi yakivunjika huku na huku. Walirudi wakiwa na hakika kwamba ziwa hilo linahitaji chombo kikubwa, na Livingstone akatumia takriban pauni 6,000 kutengenezesha huko Uingereza meli ya chuma ya mvuke, Lady Nyassa, iliyokuja kwa vipande ili ibebwe kupita maporomoko yaleyale.

Vipande hivyo havikuwahi kufika ziwani. Homa, njaa na vita vya bonde la Shire vilizuia kazi ya barabara, na mwaka 1863 serikali ya Uingereza iliirudisha nyumbani safari yake. Kabla ya kuondoka, Livingstone alitembea kwa miguu hadi Nkhotakota mnamo Septemba, na huko aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wakijenga jahazi la kufidia lililovunjika. Alilipima: urefu futi 50, upana futi 12, kina futi 5, yaani takriban mita 15 kwa mita 3.7 kwa mita 1.5. Mbao zilikuwa za mti ulioitwa timbati, unaofanana na msaji, na mataruma, yaani mbavu za chombo, yalikuwa ya mti mgumu zaidi ulioitwa msoro. Yote yalikatwa hapohapo. Katika kitabu chake alikiri kwamba kama angeliona jahazi hilo mapema, asingejaribu kamwe kubeba chombo cha chuma kupita maporomoko. Ni kauli inayostahili uzito mkubwa kuliko ule iliopewa na waandishi wa wasifu wake, kwa maana inakubali kwamba watu ambao alikuja kuiangusha biashara yao walikuwa wamelitatua kwa shoka, msumeno na miti ya karibu tatizo lililomshinda yeye kwa pauni elfu kadhaa na viwanda vya Uingereza.

Ikiwa imeunganishwa chini ya maporomoko, Lady Nyassa iliishia kuwa chombo kuukuu kinachotafuta mnunuzi. Huko Unguja ingeweza kununuliwa, lakini Livingstone alikataa kuiuza huko akihofia kwamba ingeingizwa kwenye biashara ya watumwa, akaamua kuivusha mwenyewe hadi Bombay. Aliondoka mwisho wa Aprili 1864 akiwa na mabaharia wachache sana, wengi wao watu wa Zambezi ambao hawakuwahi kufanya kazi baharini, pamoja na kijana Chuma ambaye baadaye alikuja kuubeba mwili wake hadi pwani. Na kwa kuwa makaa ya mawe yalikuwa machache, meli hiyo ya mvuke ilivuka sehemu kubwa ya bahari kwa matanga, ikalala kwa siku nyingi pepo zilipokufa, na kufika Juni 13, siku 45 baadaye. Mwaka 1865 iliuzwa kwa pauni 2,300, na fedha hizo nazo zikapotea katika benki ya India iliyofilisika. Chombo hicho kilikuwa kidogo mno kwa bahari kuu na kikubwa mno kwa njia ya maporomoko, na bei yake ya mwisho ilionyesha hivyo.

Miaka mitatu baada ya Nkhotakota, Livingstone alionja upande wa pili wa jambo hilo. Alishuka Mikindani Machi 1866, akafuata bonde la Mto Ruvuma, akafika ufuko wa mashariki wa ziwa Agosti na kuomba kuvushwa kwa jahazi. Wenye majahazi walimkwepa, kwa kuwa jina la Mwingereza lilikuwa limekwisha kuambatana na kukamatwa na kuchomwa kwa vyombo, na mwenye jahazi kubwa kwenye ziwa hana pa kulificha. Alilazimika kuuzunguka mwisho wa kusini wa ziwa kwa miguu.

Hofu hiyo ilitoka baharini, na huko ndiko uzito wa ukubwa ulikogeuka kuwa hatari. Kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1845 na kuanza kutumika mwaka 1847, Sultani Said wa Unguja alikuwa amekubali kuzuia usafirishaji wa watumwa nje ya milki yake, lakini safari kati ya Kilwa na Lamu zilibaki halali, na kwa robo karne majahazi makubwa yalipakia Kilwa Kivinje mchana kweupe na kulipa ushuru. Kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza biashara hiyo mwaka 1871 ilipewa hesabu za forodha zilizoonyesha kwamba zaidi ya watumwa 97,000 walipakiwa Kilwa katika miaka mitano kati ya 1862 na 1867, zaidi ya robo tatu yao wakipelekwa Unguja. Kwa wingi huo jahazi halikuwa na mshindani.

Mabaharia wa manowari za Uingereza zilizozunguka pwani walilipwa zawadi iliyohesabiwa ama kwa kichwa cha mtumwa aliyekombolewa ama kwa tani za chombo kilichokamatwa. Matokeo yake hayakuwa magumu kutabiri: jahazi kubwa lilikuwa windo lenye faida kuliko mashua, vyombo vingi vilichomwa palepale baharini baada ya kupimwa na watu walewale waliofaidika na kipimo, na wafanyabiashara wa Unguja walilalamika kwamba shehena halali za mtama na boriti ziliteketea pamoja na vyombo vyake. Afisa aliyelipwa kwa tani, na ambaye yeye mwenyewe ndiye mpimaji, hawezi kuchukuliwa kuwa shahidi mkamilifu wa ukubwa wa vyombo alivyovichoma, na takwimu za tani katika ripoti za manowari zapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo.

Juni 5, 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wote wa watumwa kwa bahari, na kuanzia mwaka uliofuata meli ya HMS London ilitia nanga Unguja kama kituo cha kudumu cha boti za doria hadi mwaka 1883. Jahazi lililopakia Kilwa na kungoja kusi ili lipande kaskazini sasa lilikuwa likipita mbele ya macho ya kila doria. Wafanyabiashara walijibu kwa njia mbili. Kwanza, misafara ilipandishwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kando ya pwani, mpaka Barghash alipoikataza nayo mwaka 1876. Pili, mahali ambapo ilikuwa lazima kuvuka maji, hasa kwenda Pemba kwenye mashamba ya karafuu, shehena iligawanywa katika vyombo vidogo vilivyovuka usiku mmoja, vilivyopita juu ya miamba ambako boti ya mvuke ingekwama, na vilivyoweza kuvutwa ndani ya mikoko kabla ya jua kuchomoza. Kipimo cha chombo kizuri hakikuwa tena pishi ngapi au vichwa vingapi, bali kama kingeweza kuondoka jioni na kufika kabla ya asubuhi.

Tukio la Desemba 3, 1881 lilionyesha jinsi nafasi ya kukwepa doria ilivyokuwa imebana. Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa HMS London, akiwa katika boti ndogo ya mvuke karibu na Pemba, alikisogelea chombo kilichopeperusha bendera ya Ufaransa ili kukagua hati zake. Nahodha wake, Hindi bin Hattam, alikuwa na watumwa ndani, na watu wake waliirukia boti na kumuua Brownrigg pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Bendera hiyo ilikuwa kinga ya aina nyingine, kwa kuwa Ufaransa haikuruhusu Waingereza kupekua vyombo vilivyobeba hati zake, na wenye vyombo wa Sur, huko Oman, waliendelea kuitumia mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague ilipotoa hukumu ya kuibana mwaka 1905. Mwenye jahazi kubwa alinunua hati, mwenye mashua alitegemea giza.

Mabadiliko hayo yalikuwa na athari kwenye soko la vyombo vilivyokwisha kutumika, ambalo siku zote lilikuwa kubwa kuliko soko la vyombo vipya. Manahodha waliokuja na kaskazi kutoka Ghuba na Sur wakati mwingine waliuza chombo pamoja na shehena na kurudi kwao kama abiria, na chombo kilichozeeka kwa safari ndefu kiliweza bado kufanya miaka mingi ya kazi kati ya Kilwa, Mafia na Unguja. Mnunuzi aliyesimama kwenye mchanga maji yalipokupwa alianza na mkuku, yaani uti wa chini unaobeba chombo kizima, akiuchoma kwa ncha ya kisu ili kusikia kama mti bado unashika. Kisha aliangalia michirizi ya kutu chini ya misumari, kwa sababu msumari wa chuma ukilika hulegeza ubao ulio mzima. Kisha kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwenye maungio ya mbao. Na mwisho aliuliza ngama, maji yanayojikusanya tumboni, hukumbwa mara ngapi kwa siku. Chombo kikubwa kilichotumika kilikuwa rahisi kwa kila tani, na hapo ndipo wanunuzi wengi walipojidanganya, kwa maana gharama ya henza, tanga, nanga na chakula cha mabaharia haikupungua kwa kuwa chombo kimenunuliwa kwa bei ya chini. Mapato yaligawanywa kwa mafungu baada ya kutoa gharama za safari, fungu moja la mwenye chombo na jingine la nahodha na watu wake, na nahodha aliyejua kazi yake hakukubali kufanya kazi katika jahazi ambalo nusu ya wiki lilikuwa likingoja shehena ya kulijaza.

Maji yenyewe yalitofautisha umri wa vyombo. Baharini, minyoo inayotoboa mbao ingemaliza chombo kisichotunzwa, na kwa hiyo kila baada ya muda, wakati wa bamvua ambapo maji hujaa na kukupwa sana, chombo kilipandishwa ufukoni, kikaunguzwa tumbo kwa moto wa makuti na kupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Mashua huweza kufanyiwa kazi hiyo na watu wa nyumba moja kati ya kupwa na kujaa, ilhali jahazi huhitaji magogo ya kuliegemeza na umati wa wasaidizi. Katika Ziwa Nyasa hakuna minyoo hiyo, wala hakuna kupwa na kujaa. Jahazi la Nkhotakota lilisalimika na adui mmoja, lakini lilikosa pia ufuko unaokauka wenyewe mara mbili kwa siku ili fundi apite chini yake.

Enzi ya jahazi la ziwa haikudumu. Oktoba 12, 1875 meli ya mvuke Ilala, iliyobebwa kwa vipande na wapagazi kupita maporomoko ya Shire, iliingia ziwani chini ya Edward Young, na kile kilichoshindikana kwa Lady Nyassa kikatimia kwa chombo kidogo kuliko hicho. Desemba 15, 1891 Kapteni Cecil Maguire aliuawa alipokwenda na meli ya Domira kuyaharibu majahazi ya Makanjira, mtawala wa Kiyao wa kusini mashariki mwa ziwa, na miaka michache baadaye boti za mizinga za Waingereza na meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann zilikuwa zimeyafuta majahazi hayo kama nguvu ya kisiasa. Meli hiyo ya Kijerumani ndiyo iliyokuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake, wakati Kamanda Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen alipoishambulia kwa mizinga Agosti 13, 1914.

Chombo kidogo cha tanga kiliendelea kuwapo, hasa mikononi mwa wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliokuwa na makao kisiwani Likoma, ingawa ziwa halikuacha kudai malipo. Askofu Chauncy Maples, aliyekuwa ndiyo kwanza amewekwa wakfu London, alizama ziwani Septemba 1895 baada ya mashua ya tanga aliyosafiria kuzidiwa na dhoruba usiku. William Percival Johnson, aliyetumia zaidi ya miaka 40 akizunguka vijiji vya ufuko na kufariki Liuli mwaka 1928, alitumia kila aina ya chombo kilichopatikana, na kazi yake yote ilitegemea jambo ambalo meli kubwa haikuweza kulifanya, yaani kufika kwenye kijiji chenye nyumba chache na ufuko usio na kina.

Baharini, wepesi ulipoacha kuwa siri ya magendo uligeuka kuwa jambo la fahari. Unguja hushindanisha ngalawa siku za sherehe. Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye ndubi mbili, yaani mbao zinazoelea kila upande na kukizuia chombo kisilale, na kwa kuwa haihitaji farumi, tanga lake lote hutumika kusukuma na si kupambana na uzito. Lamu hushindanisha mashua wakati wa Maulidi na sherehe nyingine, na njia huzungushwa kwenye maboya ili kila chombo kilazimike kubisha, sehemu ambayo mshika usukani hujulikana. Ubao mrefu hutokezwa upande wa upepo, vijana hukaa juu yake nje kabisa ya chombo, na mifuko ya mchanga huhamishwa kila chombo kinapogeuka; wakikosea kwa muda mfupi tu, tanga hugusa maji. Hakuna anayeshindanisha jahazi lenye shehena, na sababu si kwamba haliendi mbio. Jahazi hushinda mbio ndefu kwenye upepo uliokaza, na mbio za aina hiyo hazina watazamaji, kwa kuwa humalizikia nje ya upeo wa macho.

Mashindano ya namna hiyo hayakukua kwenye ufuko wa Ruvuma. Mashindano huhitaji vyombo vingi vya aina moja, mafundi wanaoibiana mbinu, na wamiliki wanaojuana vya kutosha kuoneana wivu, na ziwa lilipata majahazi machache ya watawala wachache, ambayo yalichomwa au kuoza kabla ya ufundi wake kuenea kwa wavuvi. Timbati na msoro havikukosekana. Kilichokosekana ni kizazi cha pili cha mafundi wa jahazi. Mtumbwi uliowaokoa watu wa Liuli na Lituhi kutoka kwa Wangoni ulibaki na kafi yake, na shehena kubwa ikahamia kwenye meli. Mojawapo ya meli zilizokuja kulihudumia ziwa chini ya bendera ya Tanzania ilipewa jina la MV Songea, jina la mji usio na ufuko, na ilikuwa ya injini.